Paka wangu karudi anatokwa povu na kutetemeka: jirani katega sumu, au kuna jingine?

#1 Tabata Kwetu
Wakuu habari za jioni. Nina paka dume, jina lake Mjumbe, kwa sababu mtaa huu hakuna nyumba ambayo hajaikagua. Ana kama miaka miwili. Ijumaa kaondoka mchana kama kawaida yake. Saa moja usiku karudi kwa dirisha la choo, na badala ya kutua akadondoka kama gunia. Nikadhani mikogo yake. Kwenda kumwangalia, mate yanachuruzika mpaka kifuani, masikio yanarukaruka, mgongo unatetemeka kama wa mtu mwenye malaria, na nyuma kajichafua.

Hapa tumepanga familia sita, uwanja mmoja. Mpangaji wa chumba cha mwisho wiki nzima analalamika kwamba Mjumbe kala samaki wake. Jumatano nilimwona kwa macho yangu akinunua vipakiti kwa yule jamaa wa kipaza sauti, "dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto". Sihitaji kikokotoo.

Mke wangu alimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande kwa sababu ya ule uchafu, akang'atwa kidole kidogo. Nikampigia bwana mifugo, akaja na pikipiki saa tatu, akamchoma sindano mbili. Alfajiri paka katulia. Leo Jumapili anakula. Ninaomba kujua ni sumu gani hiyo, na je, nimfungie ndani moja kwa moja? Jirani nimeshaacha kumsalimia.

#2 Kicheko
Pole mkuu. Nimekaa pale, namsubiri na jirani afungue uzi wake: "Mjumbe wa mtaa kala samaki wangu mara ya tano, sheria inasemaje?"

#3 Mama Zuu
Pole baba. Mimi huku Mbagala nimeshazika watatu. Wa kwanza alikuja mlangoni na povu hilohilo, akalia mlio ambao sijawahi kuusikia kwa paka, akafa kabla sijapata hata kanga kuukuu ya kumfunikia. Hawa wauzaji wanapita saa nne asubuhi watu wazima wakiwa kazini, wanawauzia mpaka watoto. Kile kipakiti hakina jina wala tarehe, kimechorwa panya amelala chali, basi. Siku nyingine usisubiri pikipiki. Mpe maziwa, au mafuta ya kula vijiko viwili. Yule wa tatu nilimpa maziwa akaishi siku mbili zaidi.

#4 Pwani Tupu
Nawasoma kutoka Kisauni, Mombasa. Nyote mwakimbilia sumu, hamjauliza kama mvua imenyesha huko. Wakati wa masika vyura wale wakubwa wenye vipele mgongoni hutoka usiku, na paka kijana haachi kumjaribu. Chura ana utomvu mchungu nyuma ya kichwa. Wangu alimng'ata mmoja karibu na karo, akatoka povu jingi hata nikadhani ni sabuni. Nikamsafisha mdomo kwa kitambaa cha maji, baada ya saa moja ameketi ajilamba. Huenda jirani yako hana hatia kabisa.

#5 Daktari wa Ng'ombe
Nimesomea mifugo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), kazi yangu kubwa ni ng'ombe wa maziwa, lakini paka nao huletwa.

Kwanza nimrekebishe Mama Zuu kwa heshima zote kabla mtu hajaiga. Paka anayetetemeka hamezi vizuri. Ukimmiminia maziwa au mafuta, sehemu yake inaingia mapafuni, sasa unatibu sumu na nimonia pamoja. Mafuta yenyewe huzisaidia baadhi ya sumu kupenya utumboni. Na wale wa kumtapisha kwa chumvi, acheni kabisa.

Mleta uzi, "sumu ya panya" siyo kitu kimoja. Kuna zinazozuia damu kuganda. Hizo paka anaonekana mzima siku mbili tatu mpaka nne, halafu fizi zinapauka, damu inatoka puani au inavujia ndani, na dawa yake ni vitamini K1. Hazimtetemeshi mtu jioni ileile. Kuna unga wa kijivu unaokaribia weusi, zinki fosfidi, huo unaleta kutapika na kupumua kwa taabu, na pumzi inanuka kama kitunguu saumu. Halafu kuna dawa za wadudu wa shambani ambazo watu hufungasha upya na kuziita za panya. Hizo ndizo zenye mate, machozi, mkojo, kuharisha na misuli kucheza. Maelezo yako yanaelekea huko. Yanaelekea tu, sijasema yamefika.

Nijibu mambo matatu. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama uzi au kubwa? Sindano zilikuwa za nini? Na je, siku mbili tatu kabla ya hapo ulimpaka au kumpulizia dawa yoyote ya viroboto?

#6 Tabata Kwetu
Shukrani daktari. Sindano moja aliita atropini, nyingine ya njano akasema vitamini. Mboni mimi niliziona ndogo. Mke wangu anasema zilikuwa kubwa kama za samaki wa Feri, na kwamba mimi nilikuwa namulika tochi ya simu moja kwa moja machoni mwa paka, lazima zisinyae. Tumelijadili hilo mpaka ugali umepoa.

Kuhusu chura, hapa kwetu ni sakafu ya saruji na mfereji. Wapo, ila sijawahi kumwona Mjumbe akihangaika nao.

#7 Fundi Geti
Mkuu, daktari kauliza mambo matatu, umejibu mawili. La viroboto umeliruka kama shimo la barabarani.

#8 Nesi Mstaafu
Naona mnajadili mate ya paka tu, hakuna aliyesimama kwenye sentensi moja ya #1: "akang'atwa kidole kidogo". Paka anayetokwa mate, tabia imebadilika, kamng'ata mtu. Jamani, kichaa cha mbwa hakichagui mbwa peke yake, paka anakipata na anakiambukiza.

Baba, je, paka huyo amechanjwa? Kama hana kadi, jibu ni hapana. Mke wako aoshe hicho kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, hata kama ni juzi, halafu aende kituo cha afya kesho asubuhi aeleze hivyohivyo. Asisubiri dalili. Kwa ugonjwa huu dalili zikishaanza hatuna cha kufanya. Nimewaona wawili kazini kwangu na sitaki kuwaelezea hapa.

#9 Daktari wa Ng'ombe
Mama umenizidi, nilikuwa nimezama kwenye sumu nikapitiwa. Naunga mkono kila neno. Naongeza tu: paka asiuawe wala asifukuzwe. Akae ndani mnamwona siku 10 tangu siku ya kung'ata. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku ile hakuwa anaambukiza kichaa. Lakini sindano za shemeji zianze sasa, siku 10 zitamkuta huko mbele.

#10 Mzalendo Baridi
Mnatisha watu. Paka kalala alfajiri, kaamka anakula. Kichaa gani kinapona kwa atropini?

#11 Nesi Mstaafu
#10, mimi sijasema anacho. Nimesema kidole hakikusubiri tumalize ubishi.

#12 Tabata Kwetu
Tumetoka kituo cha afya. Kidole kimeoshwa tena, sindano ya kwanza kachomwa, kapewa na karatasi ya tarehe za kurudi. Asante mama yangu. Mke wangu anasema anaomba ajiunge humu ili asome mwenyewe, mimi nimemwambia usajili umefungwa.

Haya, la viroboto. Alhamisi jioni nilimpaka poda. Ya mbwa. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo aliniambia mbwa na paka ni kitu kimoja, tofauti ni mkia. Nilimpaka kuanzia shingoni mpaka mkiani, na kwa sababu viroboto walikuwa wengi nikarudia.

#13 Fundi Geti
Eeh! Na jirani hasalimiwi tangu Ijumaa!

#14 Kicheko
Mshtakiwa namba moja aachiwe, namba mbili apande kizimbani.

#15 Daktari wa Ng'ombe
Hapo sasa. Tofauti siyo mkia. Ini la paka halina uwezo mzuri wa kuvunja baadhi ya kemikali ambazo mbwa na binadamu wanazivunja bila shida. Permetrini, ya dawa za viroboto, ni mojawapo. Mbwa anapakwa na kwenda zake. Paka akipakwa ile kali ya mbwa, ndani ya saa chache au hata siku ya pili yake masikio yanaanza kurukaruka, ngozi inacheza, mate, mwili mzima kutetemeka, mwishowe degedege na joto la mwili kupanda sana. Na paka hujilamba, kwa hiyo kingine kinaingia kwa mdomo.

Huduma ya kwanza yake ni kumwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Yaani shemeji alipokuwa anaosha ule uchafu, huenda alikuwa anamwokoa bila kujua.

Soma kopo utuandikie kiambato.

#16 Tabata Kwetu
Hakuna kopo. Alinipimia kwa kijiko kutoka kopo kubwa, akanifungia kwenye gazeti. Kopo lilikuwa na picha ya mbwa mwenye ulimi nje. Gazeti tumewashia jiko.

#17 Mama Zuu
Ngoja kwanza. Kama ni hiyo permetrini, mbona kachomwa atropini akapona? Daktari, si atropini ni ya kutibu sumu ya zile dawa za shambani? Basi ni jirani. Msimwachie haraka hivyo.

#18 Daktari wa Ng'ombe
Swali zuri mama, na sina jibu la kukufunga mdomo. Atropini hukausha mate kwa sababu yoyote ile, kwa hiyo mate kukauka hakuthibitishi kitu. Lakini pia poda za viroboto zinazouzwa kwetu siyo zote permetrini. Kuna za kabarili, ambayo ni jamaa wa zile za shambani. Hiyo nayo inaleta mate na kuharisha, na atropini inaisaidia. Kwa hiyo poda ya jamaa ingeweza kuwa ya kundi lolote kati ya hayo mawili, na vipakiti vya jirani vinaweza kuwa vya kundi la pili au kitu kingine kabisa. Kuharisha kunanivuta upande mmoja, masikio kurukaruka kunanivuta upande mwingine. Mboni zingetusaidia, lakini ndiyo hivyo, zimeleta mgogoro wa ndoa.

#19 Tabata Kwetu
Nyongeza. Leo mtoto wa mpangaji wa tatu kakuta panya amekufa nyuma ya tangi la maji. Hana kichwa.

#20 Mama Zuu
Si nilisema!

#21 Fundi Geti
Paka wangu kila panya anakula kichwa tu, mwili ananiletea mlangoni kama kodi ya nyumba. Huenda Mjumbe kala panya aliyekula sumu.

#22 Mzalendo Baridi
Au kunguru. Tabata nzima kunguru wamejaa, panya aliyekufa nje anakaa dakika ngapi bila kudonolewa? Kichwa ndicho wanachoanza nacho, macho kwanza. Tena kama panya ana siku mbili na paka kaugua Ijumaa, tarehe zenu hazikutani. Alikuwa ananuka au bado?

#23 Tabata Kwetu
Mtoto kamtupa kwa koleo kabla sijafika. Anasema "alikuwa ananuka kidogo".

#24 Kicheko
Kesi imeharibiwa ushahidi na shahidi wa miaka saba.

#25 Shemeji Yenu
Kuna jambo hamjaligusa. Huku kwetu Singida paka akianza kutetemeka hivyo wazee wanasema katumwa, karudi na mzigo. Sisemi naamini, nasema tu yasemwayo.

#26 Mwanachuo
Mzigo gani, ndugu? Tuache hayo. Mimi nataka lile la kumfungia ndani. Hadithi sahihi ipo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Paka katika nyumba ya Muislamu ni mzungukaji, halali kuzunguka, wala si najisi. Kumfungia maisha yake yote mimi naogopa.

#27 Pwani Tupu
Sheikh, malizia hadithi. Hakumpa chakula wala maji, wala hakumwachia ale vijidudu vya ardhini. Kosa ni kumfunga na kumnyima. Ukimfunga ukamlisha, ukampa maji na mchanga wake na dirisha la kutazama nje, hiyo ni hifadhi. Mwenyewe Abu Hurayra jina lake ni la kapaka, na hatujasikia kwamba alikuwa akikaachia barabarani kigongwe na tuk-tuk.

#28 Mwanachuo
Nimekubali nusu. Nusu nyingine naendelea kuogopa.

#29 Ghorofa ya Nne
Kumfungia ndani nako kuna yake. Mimi nakaa Upanga, ghorofa ya nne. Nilisoma utafiti wa New York wa 1987, paka 132 walioanguka maghorofani, asilimia 90 walipona. Eti wale wa juu zaidi wanapata muda wa kujigeuza na kujitandaza. Nikajiaminisha, dirisha wazi usiku kwa ajili ya joto. Kapaka kangu kakamfuata mjusi kwenye kingo, kakaangukia boneti ya gari la mwenyekiti wa jengo. Taya limepasuka, kaakaa limepasuka, na boneti imebonyea. Vyote nimelipa mimi.

#30 Daktari wa Ng'ombe
Pole. Utafiti huo upo, ila usomwe na jicho moja wazi: ni wa paka waliopelekwa hospitali. Aliyefia kwenye lami nani alimbeba kumpeleka? Hakuhesabiwa. Taya, kaakaa na kifua ndivyo vinavyoumia sana kwa kuanguka hivyo. Weka waya dirishani.

#31 Nipo Leicester
Huku Uingereza majirani zangu wengi paka wao wanatoka nje, mlango una kijimlango chao. Jamaa zangu walioko Marekani wao wanahubiriwa paka akae ndani. Kwa hiyo msidhani wazungu wana jibu moja. Huku England tangu 10 Juni 2024 paka lazima awe na chipu kabla hajatimiza wiki 20, la sivyo faini inaweza kufika pauni 500. Chipu ni kama punje ya mchele, inawekwa chini ya ngozi ya bega. Haimzuii kula sumu lakini akiokotwa anarudi kwako.

#32 Fundi Geti
Huku kwetu chipu zinaliwa na pilipili. Mkuu wa uzi, suluhisho lako ni waya wa kuku, ule wa matundu madogo. Piga fremu ya mbao inchi moja, kaza na misumari ya kichwa kipana, dirisha la choo lisisahaulike kwa sababu ndiyo njia yake. Wavu wa mbu pekee ataupasua kwa kucha siku ya kwanza. Uliza mwenye nyumba kwanza.

#33 Mlamu
Lamu paka ni wengi kuliko baiskeli. Wapo msikitini, wapo kwenye mashua, wapo juu ya punda. Yeyote asemaye amfungie paka wa Lamu, naje ajaribu. Ila hata huku tumejifunza: wale dume wasiohasiwa ndio waendao mbali, ndio wapiganao, ndio warudio na sikio nusu. Aliyehasiwa yuaketi barazani na mwenyewe.

#34 Mzalendo Baridi
Kumhasi paka ni ukatili. Ungehasiwa wewe?

#35 Mama Zuu
Mwanangu, ungeulizwa wewe uzae kila baada ya wiki tisa ungejibu nini? Jike langu lilibeba mimba halijafika miezi sita. Watoto wanne, watatu nikawagawa, mmoja akafia kwenye injini ya gari la mpangaji. Alipanda kutafuta joto, asubuhi jamaa akapiga ufunguo. Sitasahau ile sauti. Tangu hapo mtu yeyote wa uani kwetu anapiga boneti kofi mbili kabla ya kuwasha.

#36 Daktari wa Ng'ombe
Dume anahasiwa kuanzia miezi minne hadi sita hivi, jike anafungwa kizazi kabla ya joto lake la kwanza ikiwezekana. Kwa ganzi na usingizi, kwa mtu aliyesomea. Siyo kwa wembe na majivu kama nilivyomkuta mzee mmoja Kilosa. Faida yake kubwa kwenye uzi huu: paka anayepigana anang'atwa, na kwa kung'atana wanaambukizana kirusi chao cha jamii ya ukimwi. Hakimpati binadamu, msiogope. Ila yeye kinamdhoofisha.

#37 Kisamvu cha Nazi
Nimesoma uzi mzima tangu mwanzo na hakuna aliyeuliza: Mjumbe anakula nini nyumbani? Paka aliyeshiba haibi samaki mara tano.

#38 Tabata Kwetu
Ugali na mchuzi wa dagaa. Siku za Jumapili mifupa.

#39 Kisamvu cha Nazi
Mchuzi wa dagaa! Dagaa wenyewe mnakula nyie! Ningekuwa Mjumbe ningehamia chumba cha mwisho na mizigo yangu.

#40 Daktari wa Ng'ombe
Hapo umeniumiza mkuu. Paka ni mla nyama hasa. Anahitaji taurini, kirutubisho cha kwenye nyama, na hiyo haipo kwenye unga wa mahindi hata uusonge kwa upendo. Akiikosa muda mrefu moyo na macho vinaharibika. Mapupu peke yake pia hayatoshi, changanya: dagaa wasio na chumvi waliochemshwa, vichwa vya samaki, bandama, maini kidogo, yai. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama miiba, iache. Maziwa, paka wengi wakishakua yanawaharisha. Na ukisikia ana maumivu usimpe Panadol. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua, fizi zinageuka rangi ya kahawia au bluu na uso unavimba.

#41 Shemeji Yenu
Daktari na mimi nina langu. Mke wangu ni mjamzito miezi minne, mama mkwe kasema paka atoke leo au yeye atoke. Natamani la pili.

#42 Nesi Mstaafu
Usinichekeshe kwenye mambo ya mimba. Kuna vimelea, toksoplasma, vinatoka kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa. Vinachukua kati ya siku moja na tano hapo kwenye mchanga kabla havijaweza kuambukiza. Kwa hiyo wewe, siyo yeye, zoa kila siku, nawa. Nyama iive vizuri, mboga zioshwe, maana watu wengi wanavipata huko kuliko kwa paka anayelala kwenye kochi. Alime bustani na glavu. Aulize kliniki yake. Paka abaki, mama mkwe abaki.

#43 Shemeji Yenu
Asante. Sehemu ya mwisho sitaifikisha.

#44 Fundi Geti
Turudi mahakamani. Mkuu, umeshaongea na jirani?

#45 Tabata Kwetu
Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo, nilikuwa nafikiria kumpeleka serikali ya mtaa.

#46 Mzalendo Baridi
Ipo, na inaanza na wewe mwenye mnyama: chakula, maji, afya, ulinzi. Ukifika pale ukaulizwa poda ya mbwa na mchuzi wa dagaa utarudi nyumbani kwa mguu.

#47 Tabata Kwetu
MREJESHO. Leo ni siku ya 11 tangu Ijumaa ile. Mjumbe mzima, mke wangu anaendelea na tarehe zake za sindano. Waya umepigwa madirisha yote, la choo pia, mwenye nyumba kasema nikihama niuache. Mchanga tumeweka kwenye beseni, siku ya kwanza alilala humo, siku ya pili akaelewa. Chanjo ya kichaa kachomwa jana, na Jumamosi anahasiwa, yeye bado hajui.

Jirani sikumfuata mimi, alikwenda mke wangu. Akaonyeshwa vipakiti. Alinunua vitatu, anasema ni vya kunguni, kavitia kwenye mbao za kitanda. Viwili vipo tupu. Cha tatu hakikuonekana. Jirani anasema kilidondoka sokoni. Mke wangu anaamini, mimi naona kipakiti kuanguka sokoni ni chai. Mke wangu ananiuliza na gazeti la poda nalo liliungua lenyewe?

Jana jioni mlango ulifunguliwa kupitisha mtungi wa gesi, Mjumbe akapenya. Tumemtafuta robo saa. Yuko chumba cha mwisho, juu ya kitanda, anakula kichwa cha kibua, kapewa kwenye sahani.

#48 Daktari wa Ng'ombe
Kitanda hichohicho chenye dawa ya kunguni? Mwambie jirani leo hii asimlaze paka hapo, wala mtoto.

#49 Tabata Kwetu
Nitamtuma mke wangu. Mimi bado sijamsalimia.